Sera ya mitandao ya kijamii kazini: jinsi ya kuitengeneza hatua kwa hatua mpaka isimame hata ukiitwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaosikiliza migogoro ya kazi)

Kila msimu wa wageni ukianza napigiwa simu zilezile. Bosi wa kampuni ya safari Njiro, Arusha, meneja wa lodge ya Usa River, dada wa ofisi ya kupandisha mlima pale Moshi, wote stori moja: "Dereva wangu kaposti mgeni TikTok, nimemfukuza jana kwenye grupu la WhatsApp, leo kaenda CMA, nifanyeje?" Na mi swali langu la kwanza ni moja tu, sera yenu iko wapi. Hapo ndo kimya. Au natumiwa PDF ya kurasa 14 za Kiingereza, imetolewa kwenye kampuni ya Marekani, inataja sheria za huko, na huyo dereva hajawahi kuiona.

Basi nimeona niandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, kwa kampuni yenye watu kama 5 mpaka 100 hivi. Mifano mingi ni ya safari na mlima maana ndo kazi kubwa ya huku kwetu, ila hoteli, shule binafsi, zahanati na duka la jumla mnaweza kufuata hatua zilezile mkabadilisha mifano tu.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Faili moja la Excel au daftari la kuorodhesha akaunti zote za kampuni.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, sio la mtu. Pamoja na barua pepe ya kampuni.
- Mikataba ya ajira ya watu wote, na kanuni za nidhamu kama mnazo.
- Sheria tatu za Tanzania, hata kwenye simu inatosha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na kanuni zake za utendaji bora (Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007), Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.
- Masaa mawili ya kikao, na chai. Usidharau chai, watu wanaongea vizuri wakiwa na kikombe mkononi.
- Mtu mmoja wa kusimamia jambo hili ambaye wafanyakazi wanamuamini. Asiwe bosi mwenyewe, nitaeleza kwa nini huko chini.
- Faili la karatasi la kutunzia saini.

Kama huna hata kimoja hapo, anza na laini ya simu, maana vingine vinapatikana kwa siku moja ila kusajili laini ya kampuni kunataka nyaraka za kampuni na inaweza kukuchelewesha.

Hatua ya 1: Jua akaunti ziko ngapi na nani ameshika funguo

Usianze kuandika sera. Anza na kuhesabu. Instagram, Facebook, TikTok, YouTube, TripAdvisor, WhatsApp Business, ukurasa wa Google unaoonyesha ofisi yenu iko wapi, na magrupu yote ya WhatsApp ya kazi. Kwa kila moja andika: imefunguliwa kwa namba ya nani, barua pepe ya nani, nani adimini, paswedi inajulikana na nani, na ile kodi (code, zile namba za siri) ya uthibitisho wa hatua mbili inaingia kwenye simu ya nani.

Hapo kwenye kodi ndo watu wanalia. Kampuni moja niliyofanya kazi ilikuwa na ukurasa wa Instagram uliojengwa miaka mingi, picha nzuri, wageni wanauliza bei kila siku, kumbe ulifunguliwa na kijana wa masoko kwa namba yake binafsi. Siku alivyoondoka hakuwa na ubaya wowote, alibadilisha tu simu na laini ile akaiacha, ikafungwa, na sisi tukabaki nje ya ukurasa wetu wenyewe tunaomba msaada kwa fomu za mtandaoni wiki baada ya wiki. Hatukuupata.

Kwa hiyo hamisha kila akaunti iende kwenye barua pepe na laini ya kampuni. Weka maadimini wawili, kamwe sio mmoja. Zile kodi za akiba zinazotolewa ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili zichapishe, zitie kwenye bahasha, zifungie kabatini pamoja na leseni ya biashara.

Tahadhari: usimlazimishe mtu akupe akaunti yake binafsi eti kwa sababu anapostigi kazi za kampuni. Kama dereva wako ana watu wengi wanaomfuata kwa jina lake, hiyo ni mali yake. Mnaweza kukubaliana namna ya kushirikiana, ila kuichukua hapana.

Utajua hatua hii imekamilika pale ambapo ukimtoa mtu yeyote mmoja leo, hakuna akaunti hata moja inayofungika.

Hatua ya 2: Kaa na watu kabla ya kuandika neno lolote

Waulize tu, kila kundi kivyake: mnaposti nini, mnaposti saa ngapi, kwa nini. Madereva-gaidi (gaidi hapa ni "guide", muongoza watalii) tofauti, wagumu wa mlimani, yaani wapagazi, tofauti, mapokezi tofauti, jikoni tofauti, ofisini tofauti. Hatari zao hazifanani kabisa. Dereva anaposti simba na kwenye kioo cha gari inaonekana sura ya mgeni. Dada wa mapokezi yeye hapostigi kitu, ila anapiga picha pasipoti na kuirusha kwenye grupu lenye watu 23, na kati ya hao 23 watano waliacha kazi mwaka jana na hakuna aliyewatoa. Mgumu anapiga selfi na mgeni kileleni kwa furaha ya kweli, amebeba mzigo siku zote hizo, anataka watu wa nyumbani Marangu wamwone.

Ukisikiliza utagundua kwamba posti nyingi zinakuletea wateja. Usije na sera ya kukataza kila kitu. Gaidi anayeonyesha kazi yake anajijengea jina, na jina hilo ndo linamfanya mgeni amuulizie kwa jina safari ijayo. Ukimnyamazisha umemuumiza yeye na umejiumiza mwenyewe.

Chukua nusu saa kwa kila kundi, andika mifano yao halisi, hiyo mifano ndo itaingia kwenye sera. Mtu akikuta mfano wake ndani ya karatasi anaisoma mpaka mwisho.

Hatua ya 3: Andika sera, kurasa mbili, Kiswahili

Hii ndo hatua kubwa, kaa nayo.

Sababu ya kurasa mbili na Kiswahili sio ufupi tu. Kanuni ya 12 ya lile Tangazo Na. 42 inasema wazi kwamba anayeamua kama kumfukuza mtu kwa kuvunja sheria ya kazini (kama hii sera yako) kulikuwa halali, ataangalia: mfanyakazi aliivunja kweli, hiyo sheria ni ya haki, inaeleweka bila utata, mfanyakazi alikuwa anaijua au alitegemewa aijue, inatumika kwa watu wote sawasawa, na adhabu ya kufukuza inafaa kwa kosa lenyewe. Soma tena hayo maswali. Ile PDF ya Marekani inaanguka kwenye la kueleweka na la kujulikana kabla hata hujafungua mdomo. Na kumbuka chini ya sheria ya 2004 mzigo wa kuthibitisha kwamba kufukuza kulikuwa halali uko kwako mwajiri, mfanyakazi yeye hana haja ya kuthibitisha kwamba ulimuonea.

Sasa maneno yenyewe. Hivi ndo mi huwa naandika, chukua, badilisha upendavyo:

"Ukurasa wako ni wako. Kampuni haitakuomba paswedi, haitachukua simu yako kuikagua, haitakulazimisha kumkubali bosi kama rafiki mtandaoni." Weka hiki mwanzo kabisa. Kwanza kinatuliza watu, pili kinakulinda wewe, maana kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya sheria ya 2015 hata kama wewe ndo unamlipa mshahara.

"Mgeni haonyeshwi sura, jina, namba ya chumba wala ratiba mpaka awe amesaini fomu ya picha. Mtoto wa chini ya miaka 18 haonyeshwi bila saini ya mzazi au mlezi." Sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi, na sheria ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Shule za Moshi mnaoposti watoto kila Ijumaa wakiimba, hiki kipengele ni chenu kwanza kabla ya watu wa safari.

"Pasipoti, orodha ya wageni, vyeti vya afya na risiti za malipo hazitumwi kwenye grupu lolote, hata la kazi. Anatumiwa mtu mmoja anayezihitaji, akimaliza anafuta."

"Safari inapostiwa ikiisha." Watu wananibishia sana hapa, acha nieleze vizuri. Ukiposti laivu kwamba familia fulani iko kambi fulani usiku huu, umemwambia kila mtu walipolala na umemwambia kila mtu nyumba yao huko kwao iko tupu. Lakini sababu iliyonifanya nisikubali kukilegeza hiki kipengele ni mlima. Kule juu watu wanaugua kwa sababu ya kimo, wengine wanateremshwa kwa machela, na wapo wanaofariki. Zamani habari ilikuwa inachelewa kushuka. Sasa tangu Agosti 2022 shirika la simu la TTCL wameweka intaneti mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, klipu inarushwa hapohapo mgeni akiwa bado amelazwa chini. Hebu fikiria wewe ndo mzazi, mwanao yuko Kilimanjaro, unafungua simu asubuhi unamuona kwenye video ya mtu usiyemjua akiwa na kinyago cha oksijeni. Hakuna komenti wala laiki inayolipia hiyo. Kwa hiyo andika: mgonjwa, majeruhi au marehemu hapigwi picha na mfanyakazi yeyote, isipokuwa picha ya ripoti ya ajali, na hiyo inakwenda kwa mtu mmoja ofisini.

"Faru hapostiwi na lokesheni." Zima lokesheni kwenye kamera, usitaje sehemu, usiseme saa. Majangili nao wana simu. Gaidi yeyote aliyewahi kushuka Ngorongoro anajua thamani ya kumuona faru mmoja kwa mbali, na akielezwa sababu hataki hata kubishana.

"Usiposti gari likiwa nje ya barabara hifadhini, mtu akilisha mnyama, wala droni bila kibali. Na usifanye." Ile klipu ni ushahidi wa kosa, na jina la kampuni limeandikwa mlangoni mwa gari.

"Ukiwa na sare au gari la kampuni, watu wanaona kampuni. Siasa, matusi, dini ya mtu, kabila la mtu, hapana." Bila sare, kwenye ukurasa wake, maoni yake ni yake, mradi hajasema anaongea kwa niaba ya kampuni.

"Anayejibu kwa jina la kampuni ni hawa wawili," kisha wataje kwa cheo. Mgeni akiandika malalamiko TripAdvisor, mpishi asiingie na akaunti yake kumjibu hata kama ameumia. Najua inauma kusoma chakula chako kinasemwa vibaya, ila mpishi ampe mhusika maelezo yake na mhusika ndo ajibu.

Na hiki cha mwisho usikiache, naomba sana: "Sera hii haikuzuii kuongea na wenzako kuhusu mshahara na hali ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi, wala kupeleka malalamiko kwa afisa kazi, CMA, polisi au mamlaka nyingine." Mabosi wengi wanataka kiandikwe kinyume chake. Haiwezekani. Haki ya kujiunga na chama iko kwenye sheria ya 2004, na sheria hiyohiyo inasema kumfukuza mtu kwa sababu ametoa taarifa aliyokuwa na haki ya kuitoa sio sababu halali. Ukikataza hayo, sera yako nzima inaonekana ni ya kuziba watu midomo, hata vile vipengele vizuri vinapoteza nguvu. Na niseme tu ukweli, kama wagumu wako wanalalamika Facebook kwamba hawajalipwa, tatizo la kwanza sio Facebook. Walipe.

Maneno ya kukwepa kabisa: "posti isiyofaa", "tabia mbaya mtandaoni", "chochote kitakachoichafua kampuni". Hayana mpaka. Kila mtu anayatafsiri kivyake na mbele ya msuluhishi unaulizwa isiyofaa maana yake nini, unabaki unatafuta maneno.

Mwisho wa karatasi weka adhabu kwa ngazi. Kosa dogo, mfano sura ya mgeni imeonekana kwa bahati mbaya: kufuta na kuongea. Kurudia, onyo la maandishi. Makubwa, kama kusambaza pasipoti, kurusha video ya mgonjwa, kutukana mteja kwa jina lake: kikao cha nidhamu moja kwa moja, na inaweza kufikia kufukuzwa. Andika "inaweza", sio "atafukuzwa papo hapo", kwa sababu kila kosa lazima lisikilizwe.

Ukimaliza mpe dereva mmoja na mtu mmoja wa jikoni wasome bila wewe kuwepo, alafu wakueleze kwa maneno yao. Pale wanapokosea, umekosea wewe kuandika. Rekebisha.

Hatua ya 4: Tengeneza fomu ya picha ya mgeni

Nusu ukurasa, lugha anayoielewa mgeni. Maswali matatu yenye ndiyo au hapana: kampuni itumie picha zako? Gaidi wako aweke picha zako kwenye ukurasa wake? Watoto wako waonekane? Chini saini, tarehe, na sentensi moja kwamba anaweza kubadilisha mawazo wakati wowote kwa kuandika barua pepe fulani na picha zitatolewa.

Fomu isainiwe wakati wa maelezo ya kwanza ofisini au hotelini, sio getini Naabi, mlango wa Serengeti, watu wanaharakisha. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya safari anayoondoka nayo dereva. Hapa ndo wengi wanaharibu: fomu imesainiwa vizuri, imekaa ofisini Sakina, na dereva yuko Seronera ndani ya hifadhi hajui kama mgeni alisema hapana.

Ukiona dereva mwenyewe anamkumbusha mgeni "umesema watoto hapana, nitapiga mgongo tu", jua imekaa sawa.

Hatua ya 5: Wafundishe, ndo wasaini

Saini peke yake haithibitishi sana kwamba mtu alielewa, hasa kama alisainishwa siku ya kwanza pamoja na karatasi nyingine kumi. Fanya kikao cha saa moja. Tumia posti za mfano ulizotengeneza mwenyewe, usitumie posti ya mfanyakazi aliyekaa palepale, utamuaibisha na hawatakusikiliza tena. Onyesha picha, uliza: hii sawa au sio sawa, kwa nini. Waache wabishane. Wakibishana wao kwa wao wanaelewa kuliko wakikusikiliza wewe.

Alafu kila mmoja apate nakala, asaini kwamba ameipata na ameelezwa kwa Kiswahili, weka tarehe na jina la aliyefundisha. Bosi na wenyewe wenye kampuni nao wasaini, mbele ya watu. Hili sio la maonyesho. Mwaka mmoja nilikaa na kampuni ambayo meneja alikuwa anarusha wageni laivu kila wiki, ila aliyeandikiwa onyo ni mgumu. Unakumbuka swali la kutumika sawasawa? Lilijibiwa vibaya.

Vibarua wa msimu wasisahaulike. Mgumu anayeitwa kwa safari moja naye aelezwe, dakika kumi getini Machame au Marangu wakati mizigo inapimwa zinatosha, na asaini kwenye orodha ileile ya majina.

Hatua ya 6: Siku posti mbaya ikitokea

Itatokea. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza hifadhi. Piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe, saa na posti nzima, nakili na linki, kama ni video ihifadhi. Fanya hivi kabla hujamwambia mtu afute, kwa sababu akishafuta unabaki na maneno matupu.

Kisha mpigie mhusika simu, kwa sauti ya kawaida, mwambie nini kimeonekana na umuombe aifute. Simu, sio grupu. Ukimuita mwizi au mjinga mbele ya watu 40 kwenye WhatsApp umeshaonyesha kwamba ulimhukumu kabla ya kumsikiliza, na hiyo skrinishoti naye ataihifadhi.

Tatu, kama kuna mgeni aliyeguswa, muambie wewe mwenyewe siku hiyohiyo kabla hajaiona. Sema nini kimetoka, kimefutwa saa ngapi, mnafanya nini. Usimtupie lawama mfanyakazi kwa jina. Wageni wengi wanasamehe wakiambiwa mapema.

Usifungue akaunti feki kumfuatilia mtu. Usimtume mwenzake amchunguze. Usichukue simu yake. Hata kama umegundua kitu kweli kwa njia hiyo, umejiweka wewe kwenye kosa, na watu wengine wote ofisini wataacha kukuamini.

Na kabla ya yote jiulize kama posti yenyewe kweli imevunja kipengele mlichoandika au imekuudhi tu. Kuudhika sio kosa la mfanyakazi.

Hatua ya 7: Kikao cha nidhamu kinachosimama

Sheria inataka vitu viwili, sababu halali na utaratibu wa haki. Ukiwa na kimoja bila kingine umeshindwa. Nimeona kesi ambayo kosa lilikuwa wazi kabisa, pasipoti za familia nzima zimezagaa, na mwajiri akalipa kwa sababu alimfukuza mtu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde 40.

Utaratibu uko kwenye kanuni ya 13 ya lile Tangazo Na. 42. Fanya uchunguzi kwanza, kukusanya skrinishoti, karatasi ya safari, fomu ya mgeni, sera yenye saini yake. Alafu mpe barua ya tuhuma kwa lugha anayoielewa, ikitaja posti ipi, tarehe gani, kipengele kipi. Mpe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usipungue masaa 48. Mwambie ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake.

Mwenyekiti wa kikao awe mtu wa uongozi ambaye hakuhusika kwenye tukio. Ndo maana mwanzo nilisema msimamizi asiwe bosi mwenyewe: bosi akiwa ndo aliyeona posti, ndo aliyekasirika, ndo aliyeandika barua, alafu ndo anakaa kwenye kiti, hicho sio kikao. Kampuni ndogo ya watu sita unaweza kumuomba mtu wa nje mwenye uzoefu aje akae kama mwenyekiti, inakubalika kuliko bosi kujisikilizia kesi yake.

Ndani ya kikao mfanyakazi aone ushahidi, ajibu, aulize mashahidi, alete wake. Mtu aandike mwenendo. Mkimkuta na kosa, msikilizeni tena kuhusu adhabu: amefanya kazi miaka mingapi, alifuta haraka, aliomba radhi, ni mara ya kwanza? Uamuzi utoke kwa maandishi na sababu, na umueleze haki ya kukata rufaa ndani ya kampuni.

Mwambie pia ukweli kwamba akiona ameonewa, ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro CMA. Mabosi wananiuliza kwa nini nimwambie. Kwa sababu ni haki yake, na mwajiri aliyefanya mambo sawa hana cha kuficha.

Dalili kwamba umefanya vizuri ni faili. Mtu asiyewajua kabisa akilifungua, anaweza kusoma kuanzia posti mpaka uamuzi bila kukupigia simu kuuliza chochote.

Hatua ya 8: Mtu akiondoka, na kila mwaka

Siku mtu anapoacha kazi, siku hiyohiyo mtoe kwenye uadimini na kwenye magrupu, badilisha paswedi zote alizokuwa anazijua, mkumbushe kufuta pasipoti na orodha za wageni zilizobaki kwenye simu yake na asaini kwamba amefuta. Kubalianeni picha zipi za kazi abaki nazo kwenye ukurasa wake. Muage vizuri, mfanyakazi aliyeondoka kwa heshima hana sababu ya kuamka usiku kuandika mambo yenu.

Sera yenyewe ipitieni Aprili au Mei, mvua za masika zikiwa zinanyesha na magari yako gereji, kabla ya Juni wageni hawajaanza kumiminika. Ita yale makundi tena, uliza nini kimebadilika, ongeza mfano mpya, toa uliopitwa. Hesabu tena zile akaunti za hatua ya kwanza, na ingia kwenye kila grupu la WhatsApp uangalie majina moja moja. Mwaka jana kwenye ofisi moja tulikuta watu 11 waliokwishaacha kazi bado wanapokea orodha za wageni kila asubuhi.